Nyumba iko Buruburu, madeni yamefika shingoni: niongeze mkopo juu ya nyumba au la?

Mkaazi_Awamu5:

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaojua mikopo. Naweka hesabu yote hapa ili mnijibu kwa namba.

Nyumba ni mezoneti Buruburu, Nairobi, hati ya miaka 99, imebaki miaka 49. Mthamini wa benki ameipa Sh9 milioni bei ya soko na Sh6.75 milioni bei ya kuuza kwa lazima. Tunaishi humo. Mkopo wa kuinunua umebaki Sh700,000 kwa riba ya 15%, miezi 48, nalipa 19,500 kwa mwezi.

Madeni mengine ni haya:

Mkopo wa benki usio na dhamana: 900,000, riba 18%, miezi 30, nalipa 37,500.
Sacco: 620,000, riba 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 40, nalipa 18,900.
Shailoki (mkopeshaji binafsi wa riba kubwa), ameshika logibuku (hati ya umiliki) ya gari langu, Probox: 280,000, riba 5% kwa mwezi. Nalipa riba tu, 14,000.
Mikopo ya simu, apu nne: 120,000 kwa jumla. Nalipa na kukopa upya kila mwezi, ada karibu 9,600.

Mshahara baada ya makato ya serikali ni 128,000. Duka la mke wangu lilikuwa likileta 60,000 kwa mwezi, sasa biashara imelala na linaleta 20,000. Matumizi ya nyumbani, karo ikiwemo, ni 65,000 na tumeshayabana.

Benki inataka kuzoa yote pamoja na gharama: Sh2.7 milioni juu ya nyumba, 15%, miaka 15, malipo 37,800 kwa mwezi. Barua ya ofa iko mezani. Nitie saini?

Karani_wa_Mikopo:

Usitie saini hiyo barua jinsi ilivyo. Ahsante kwa kuweka namba, maana zinaonyesha ugonjwa uko wapi.

Unatoa 99,500 kila mwezi kwa madeni. Mapato ya nyumba ni 148,000, kwa hivyo mnabaki na 48,500 na mnahitaji 65,000. Pengo ni 16,500. Apu ndizo zinazoziba pengo hilo, ndiyo sababu haziishi. Ukizilipa zote leo bila kuziba pengo, kufikia Krismasi zitakuwa zimerudi, na safari hii nyumba itakuwa imebeba deni la zamani.

Sasa ofa ya benki. Malipo ya 37,800 yanapendeza kwa sababu deni limevutwa hadi miaka 15, si kwa sababu limekuwa rahisi. Zidisha mara miezi 180: utalipa karibu Sh6.8 milioni kwa mkopo wa 2.7. Kiasi hicho hicho kwa miaka 7 ni kama 52,100 kwa mwezi, jumla Sh4.38 milioni. Tofauti ya Sh2.4 milioni ni bei ya kunyoosha muda. Na riba yenyewe haijafungwa. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa 7% mwaka 2020, kikapanda hadi 13% Februari 2024, kisha kikashuka hadi 9.75% Juni 2025. Mkopo wa miaka 15 utapita mawimbi kama hayo zaidi ya mara moja. Riba yako ikipanda kutoka 15% hadi 18%, 37,800 inakuwa karibu 43,500.

Kosa kubwa la ofa ni kuchanganya madeni ya aina tofauti. Yapange kwa bei yake kwa mwaka:

Apu: ada ya 8% kwa siku 30 ni kama 96% kwa mwaka.
Shailoki: 60% kwa mwaka.
Benki: 18%.
Nyumba: 15%.
Sacco: 12%.

Ukiona hivyo, Sacco inatoka kwenye mazungumzo mara moja. Hakuna sababu ya kulipa deni la 12% kwa pesa ya 15% na juu yake kutoa gharama za kuandikisha rehani.

Ule wa 18% nao hauna faida kubwa. Riba iliyobaki kwa miezi 30 ni kama 224,000. Ukiuhamisha kwenye 15% kwa miezi ile ile 30, riba ni kama 185,000. Umeokoa 39,000. Ada ya kushughulikia mkopo ikiwa 2% tu ya 900,000, hizo ni 18,000, bado ushuru wa ada hiyo, wakili, na faini ya kumaliza mkopo wa zamani mapema kama mkataba unaitaja. Hakuna kinachobaki. Soma pia bima iliyo ndani ya mkopo huo: nyingi hulipa salio mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu, na baadhi hulipa miezi kadhaa akifutwa kazi. Ukiufunga, bima hiyo inafungwa nao.

Kinachochoma ni 400,000 tu, ya shailoki na apu. Inakula 23,600 kwa mwezi na mtaji haupungui hata shilingi. Kama ni lazima uguse nyumba, gusa kwa hiyo peke yake: 700,000 iliyopo, 400,000 ya kuongeza, na 50,000 ya gharama. Sh1.15 milioni kwa 15%, miaka 5, ni kama 27,400 kwa mwezi. Sasa hivi kwa vitu hivyo hivyo unalipa 43,100. Unapata nafuu ya 15,700 na mwaka wa tano umemaliza.

Hata hivyo angalia: 148,000 toa madeni yaliyobaki 83,800, mnabaki na 64,200. Bado mko chini ya 65,000, kwa kidogo. Pengo halijazibika kabisa.

Wakili_Upperhill:

Karani amemaliza upande wa hesabu. Mimi niongeze upande wa sheria, kwa sababu hapo ndipo watu huumia bila kujua.

Leo shailoki akikasirika anachukua Probox. Mkopo wa benki wa 900,000 ukikwama, benki ni lazima ikushtaki, ipate hukumu, ndipo iombe mahakama ikamate mali. Nyumba inaweza kufikiwa kwa njia hiyo, lakini kupitia mlango wa mahakama, na una nafasi ya kuomba kulipa kwa awamu. Ukitia saini rehani ya 2.7, umechukua madeni ambayo hayakuwa na mkono juu ya nyumba na kuyapa mkono huo. Mwenye rehani hahitaji hukumu ya mahakama ili auze.

Utaratibu wake uko kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012. Ukikosa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kutoa notisi ya kifungu cha 90, inayokupa angalau miezi 3 kurekebisha. Ikipita, inatoa notisi ya kuuza ya siku 40 chini ya kifungu cha 96, na mwenzi wako naye lazima aipate. Kisha dalali anatoa notisi yake ya siku 45, halafu tangazo la mnada. Kwa jumla ni zaidi ya nusu mwaka, na siku zote hizo riba inaendelea. Kifungu cha 97 kinaidai benki itafute bei bora inayopatikana. Nyumba ikienda kwa bei iliyo chini ya soko kwa 25% au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imevunja wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Lakini ona mthamini wako: bei ya kuuza kwa lazima aliyoandika ni 6.75, yaani 25% chini ya 9. Msikose kuelewa maana yake. Watu wakiwa hawana pesa mjini, mnada huvutia wanunuzi wachache.

Hiyo ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 79 kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila saini au ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Mke wako asitie saini ofisini kwa wakili wa benki kama shahidi wa harusi. Atafute wakili wake amweleze anaweka nini rehani na kwa kiasi gani. Na wewe jua kwamba wakili anayeandika hati ni wa benki, ingawa ada yake unailipa wewe, pamoja na VAT ya 16%.

Ukiamua kuendelea, hatua ni hizi. Rehani ya kwanza iko kwa benki hiyo hiyo, kwa hivyo utaandikiwa nyongeza ya rehani. Fanya sachi (upekuzi wa hati) kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, uone jina, namba na vizuizi vimekaa sawa. Kosa la herufi moja kwenye jina husimamisha kila kitu. Pata cheti cha kulipa reti za kaunti na cha kodi ya ardhi. Hapa ndipo wengi wa Eastlands hukwama, kwa sababu malimbikizo ya reti na adhabu zake hujitokeza siku hiyo, na ni lazima yalipwe kwanza. Hati ikidai idhini ya mwenye ardhi, iombe mapema. Ushuru wa stempu ni 0.1% ya kiasi kinachoongezwa, huo ni mdogo. Kazi yote huchukua wiki kadhaa, na apu hazitakusubiri, kwa hivyo omba salio la kufunga deni lenye tarehe ya mbele, si la leo.

Dai barua ya ofa iseme benki italipa wadai moja kwa moja. Pesa isipitie akaunti yako.

Jambo la kodi ambalo karani hakuligusa: riba ya mkopo wa kununua nyumba unayoishi hupunguza mapato yanayotozwa kodi, hadi Sh360,000 kwa mwaka. Kwa salio lako la 700,000 riba ya mwaka huu ni kama 95,000, na kwa kiwango cha 30% unaokoa karibu 28,000. Riba ya pesa uliyochukua kulipa shailoki haiingii hapo. Ukichanganya mikopo miwili kuwa mmoja, itakubidi uithibitishie KRA, mamlaka ya kodi, sehemu gani ni ipi. Nyongeza iwe na akaunti yake.

Mhasibu_wa_Sacco:

Mbona hakuna aliyeuliza akiba yake ya Sacco? Ndugu Mkaazi, una akiba kiasi gani, si hisa, akiba? Na wadhamini wako ni wangapi?

Mkaazi_Awamu5:

Akiba ni 410,000. Wadhamini watano, wote tunafanya kazi pamoja. Shukrani sana kwa majibu. Mke wangu anasoma pia.

Mhasibu_wa_Sacco:

Basi nyumba iache kwanza.

Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba. Tatu mara 410,000 ni 1,230,000. Toa 620,000, unabaki na nafasi ya 610,000. Unahitaji 400,000. Kwa 1% kwa mwezi na miezi 48, malipo ni kama 10,500. Leo 400,000 hiyo hiyo inakula 23,600. Hakuna mthamini, hakuna wakili, hakuna Ardhi House. Kuna ada ndogo ya fomu na bima, na mkopo ukipita hutoka kwa siku, si kwa miezi.

Mambo yanayoangusha maombi ya aina hii ni matatu. La kwanza ni pesilipu: Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Hesabu pamoja na PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) 2.75% na ushuru wa nyumba 1.5%. Kama mkopo wa benki nao unakatwa kazini, nenda ofisi ya wafanyakazi kwanza uulize nafasi iliyobaki kabla ya kujaza fomu. La pili ni ripoti ya CRB, mashirika yanayotunza rekodi za wakopaji. Ichukue mwenyewe, una haki ya moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila shirika, na ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Apu moja iliyochelewa inaweza kukuonyesha vibaya hata kama ulishailipa, na kurekebisha huchukua muda. La tatu ni wadhamini. Waambie ukweli kwamba pesa inaenda kulipa shailoki. Ukishindwa, akiba yao ndiyo inayokatwa, na hao ni watu mnaokula chakula cha mchana meza moja. Hapo ndipo hatari ya njia hii ilipo, na isifichwe.

Omba mkopo wa kawaida, si ule wa dharura wa miezi 12. Wa miezi 12 ungekuwa kama 35,500 kwa mwezi, ungekuzamisha zaidi.

Karani_wa_Mikopo:

Nakubaliana na Mhasibu, na naondoa pendekezo langu la nyongeza ya rehani. Tatizo moja: kwa njia ya Sacco madeni yanakuwa 86,400 na mnabaki na 61,600. Bado kuna upungufu wa 3,400.

Hapo ndipo unarudi kwa ule mkopo wa 900,000. Usiuhamishe, uombe unyooshwe pale pale ulipo, kutoka miezi 30 hadi 48. Kwa 18% malipo yanashuka kutoka 37,500 hadi karibu 26,400. Kuna gharama: riba yote inafika kama 369,000 badala ya 224,000, yaani unalipa 145,000 zaidi kwa kupewa pumzi. Mapato ya duka yakirudi, lipa zaidi na uifupishe. Madeni yote yanakuwa kama 75,300, mnabaki na 72,700, na pengo limezibika kwa kitu cha akiba. Hakuna hata shilingi iliyoongezwa juu ya nyumba.

Barua ya ombi iende ukiwa bado hujakosa kulipa. Ambatanisha pesilipu tatu, taarifa za benki za miezi 6, na karatasi moja inayoonyesha mauzo ya duka kabla na sasa. Sababu iwe wazi: mapato ya nyumba yameshuka kwa 40,000. Ukisubiri hadi siku 90 za malimbikizo, mkopo unaainishwa kuwa mbovu na jina linaenda CRB. Hapo mazungumzo ni mengine kabisa.

Mama_Marikiti:

Samahani nikiingilia, lakini Probox mbona haijatajwa? Inauzwa bei gani sokoni?

Mkaazi_Awamu5:

Kama 550,000 kwa hali iliyo nayo. Ndiyo inayoleta mboga na matunda ya duka kutoka Marikiti alfajiri.

Mama_Marikiti:

Dada anayesoma, hili ni lako pia. Duka linaleta 20,000. Deni lililo juu ya gari linakula 14,000, na hapo hatujahesabu petroli, bima na huduma. Gari hilo kwa sasa halilibebi duka.

Likiuzwa 550,000: shailoki anachukua 280,000, apu zinachukua 120,000, inabaki 150,000. Malipo ya madeni yanashuka kutoka 99,500 hadi 75,900 bila kukopa popote na bila kuwashika wadhamini. Ni karibu sawa na mpango wa Karani na Mhasibu, lakini deni limepungua kwa 400,000 halisi. Mzigo unaweza kuja kwa gari la kukodi la pamoja. Wenye vibanda wengi wa Eastlands huchanga watatu au wanne kwa safari moja, na mnalipa siku mnazonunua tu.

Namna ya kuuza gari lililoshikwa: muombe shailoki barua ya salio yenye tarehe. Mnunuzi alipe 280,000 moja kwa moja kwa shailoki, na salio kwako, siku moja na mahali pamoja. Shailoki aondoe jina lake NTSA, mamlaka inayosajili magari, na aondoe usajili wa dhamana kwenye rejista ya mali zinazohamishika, papo hapo, kabla hamjaachana. Mnunuzi akiona jina la pili kwenye logibuku na hakuna barua, atateremsha bei au ataondoka.

Wakili_Upperhill:

Naunga mkono, na niongeze kuhusu ile barua ya salio. Isome kama ina "adhabu ya kumaliza mapema" ambayo haikuwa kwenye mkataba. Kama haikuwa, ikatae kwa maandishi. Na ukilipa apu, hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo ya mwisho, kisha omba barua ya kumaliza deni kutoka kwa kila moja.

Wiki hii ni mambo mawili: mjibuni benki kwa maandishi kwamba hamtachukua ofa ya 2.7, na peleka ombi la kunyoosha ule mkopo wa 900,000 hata kama gari litauzwa. Likikubaliwa na gari likauzwa, madeni yanashuka hadi kama 64,800, na hapo hata duka likifungwa kabisa, mshahara pekee unabakisha 63,200 za nyumbani.